Droni karibu na uwanja wa ndege: kwa nini si rahisi kuizuia

Harusi nyingi za Malindi, Kilifi na Mtwapa siku hizi hazikamiliki bila droni. Bwana harusi akishuka kwenye gari, kidude chenye mapanga manne kinapaa juu ya hema, kinavuma kama nyuki, na wageni wanainua nyuso ili wasikose kuonekana kwenye video. Wapima ardhi wanaitumia droni kuchora ramani za mashamba, wahifadhi wanaitumia kufuatilia hali ya mikoko, na wenye hoteli wanaitumia kuwaonyesha watalii ufuo. Ni chombo chenye faida, na makala haya hayakusudii kumkataza mtu kazi yake.

Hata hivyo, Malindi ni mji wenye uwanja wa ndege karibu kabisa na makaazi ya watu. Droni inayopaa nyuma ya nyumba inaweza, kwa dakika chache tu, kufika mahali ambapo ndege ya abiria inashuka kutua. Swali ambalo wakaazi wengi huuliza ni hili: ikitokea hivyo, kwa nini wakuu wa uwanja wasiipige tu ikaanguka, kazi ikaendelea? Jibu lake ni refu kidogo, na mahali pazuri pa kulianzia ni Uingereza, katika juma la kuelekea Krismasi ya mwaka 2018. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Saa 33 za Gatwick

Gatwick ni uwanja wa pili kwa ukubwa unaohudumia jiji la London. Licha ya shughuli zake nyingi, hutumia njia moja tu ya kurukia na kutua ndege kwa wakati mmoja. Usiku wa Desemba 19, 2018, mwendo wa saa tatu, mfanyakazi wa usalama aliripoti kuona droni mbili karibu na uwanja huo. Njia ya ndege ikafungwa mara moja. Ndege zilizokuwa angani zikielekea hapo ziliambiwa zikatue kwingine.

Mwendo wa saa tisa usiku njia ilifunguliwa. Haikupita saa moja ikafungwa tena, kwa kuwa watu walisema droni imerudi. Siku nzima iliyofuata ilikwenda hivyo: kila wakuu walipokaribia kufungua, ripoti mpya iliingia. Polisi walizunguka eneo hilo, helikopta ikapaa kuitafuta, na hatimaye jeshi likaitwa na mitambo yake. Njia ilifunguliwa asubuhi ya Desemba 21, na jioni ya siku hiyo ikafungwa tena kwa zaidi ya saa moja kabla ya shughuli kurudi kama kawaida.

Takriban safari 1,000 za ndege zilifutwa au kuelekezwa kwingine, na abiria wapatao 140,000 waliathirika. Wengi wao walikuwa wakienda kwao kwa sikukuu, na walilala sakafuni wakitumia mabegi kama mito. Shirika la easyJet peke yake lilisema limepata hasara ya pauni milioni 15. Hakuna ndege iliyogongwa. Hakuna abiria aliyeumia. Hasara yote hiyo ilitokana na wasiwasi kwamba huenda kuna kitu angani.

Sehemu ya pili ya kisa hiki haikutangazwa sana, ingawa ndiyo yenye funzo zaidi kwa mkaazi wa kawaida. Polisi walipokea ripoti zipatazo 170 za watu waliosema wameiona droni, na wakaziona 115 kati ya hizo kuwa za kuaminika. Baadhi zilitoka kwa marubani na kwa polisi wenyewe. Pamoja na yote hayo, katika uwanja uliojaa simu zenye kamera, hakuna picha iliyothibitishwa kuwa ya droni hiyo. Mkuu wa polisi wa Sussex alikiri baadaye kwamba baadhi ya ripoti huenda zilihusu droni za polisi wenyewe, zilizorushwa kumtafuta mhalifu. Uchunguzi ulifungwa Septemba 2019 baada ya kugharimu takriban pauni 790,000, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Polisi walishikilia kwamba droni ilikuwepo. Wapo wataalamu na wapenzi wa droni wasiokubaliana nao.

Katika heka heka hizo, mume na mke wa mji jirani wa Crawley walikamatwa, nyumba yao ikapekuliwa, na wakawekwa korokoroni kwa saa 36. Majina na picha zao zilienea magazetini. Kosa lao lilikuwa kwamba mume alipenda kurusha vyombo kama hivyo kwa kujifurahisha. Mwajiri wake alikuwa tayari kueleza kwamba wakati wa tukio alikuwa kazini. Waliachiliwa bila mashtaka, na mwaka 2020 polisi walikubali kulipa fidia na gharama za mawakili, jumla yake kiasi cha pauni 200,000. Fedha zililipwa, lakini majina yao bado yanatajwa kila kisa hiki kinaposimuliwa, na ndiyo sababu hayatajwi hapa.

Kilo moja dhidi ya ndege nzima

Wapo wanaosema wakuu wa Gatwick walichukua tahadhari kupita kiasi. Ili kupima hoja hiyo, ni vyema kutazama mambo kutoka kiti cha rubani.

Ndege kubwa ya abiria inapokaribia kutua huwa na mwendo wa takriban kilomita 250 kwa saa, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Droni ya kawaida ya kupiga picha haizidi sana upana wa sinia. Hata rubani akibahatika kuiona ikiwa mita 300 mbele, ana sekunde nne hivi za kuitambua, kuamua na kuikwepa. Ndege yenye abiria 150 haigeuki kama bodaboda.

Watu huuliza tena: ndege hugongana na kunguru kila mwaka na kutua salama, sasa droni ina nini? Tofauti iko katika kilichomo ndani. Mwili wa ndege wa porini ni nyama na mifupa myepesi, na ukigonga kitu husambaratika. Droni ina betri nzito ya lithiamu, mota za chuma na kamera. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, waliifyatua droni ya kilo moja hivi kuelekea bawa la ndege ndogo kwa mwendo wa karibu kilomita 380 kwa saa. Droni ilitoboa sehemu ya mbele ya bawa ikaingia ndani na kuharibu mhimili mkuu unaolishikilia. Kisha walifyatua umbo laini la uzito kama huo, lililotengenezwa kuwakilisha ndege wa porini. Hilo lilibonyeza bawa kwa nje zaidi, lakini halikupenya kwa kina kama droni. Kampuni ya DJI, iliyotengeneza droni hiyo, ililalamika kwamba mwendo uliotumika ni mkubwa kuliko ule wa ajali ya kweli. Lalamiko hilo lina uzito wake, na linafaa kukumbukwa. Hata hivyo halibadilishi ukweli kwamba kitu kigumu hakigongi kama kitu laini.

Migongano ya kweli imekwisha kutokea. Oktoba 2017 ndege ndogo ya abiria iligongana na droni ikikaribia kutua katika jiji la Québec, Kanada. Ilikuwa na watu wanane, na kwa bahati nzuri ilitua salama na mkwaruzo kwenye bawa. Januari 9, 2025, wakati moto mkubwa ukiteketeza vitongoji vya Los Angeles, droni iligonga ndege ya kuzima moto iliyokuwa ikichota maji na kuyamwaga. Bawa lilitobolewa, na ndege hiyo ikabidi itolewe kazini ikarabatiwe wakati nyumba za watu zikiendelea kuungua. Aliyeirusha hakuwa gaidi. Alikwenda juu ya jengo la kuegesha magari, akairusha aone moto ulivyoharibu, ikaenda zaidi ya kilomita mbili hadi akapotezana nayo. Alikiri kosa mahakamani.

Kisa hiki cha Los Angeles kinafaa kuzingatiwa zaidi ya visa vya watu wenye nia mbaya. Mtu mwenye udadisi, kifaa kidogo kisichotisha, na dakika moja ya kutokiona kifaa chenyewe: hayo yanaweza kutokea katika ufuo wowote wa Kilifi.

Kabla ya kuizuia, iko wapi?

Kazi ya kwanza si kuiangusha droni. Ni kujua kama ipo, na iko wapi. Rada ya kawaida ya kuongozea ndege imeundwa kuona vyombo vikubwa vya chuma vinavyokwenda mbali na kwa kasi. Kitu cha plastiki kinachoelea polepole karibu na minazi hakionekani, au huonekana kama ndege wa porini. Zipo rada maalumu za kutafuta vitu vidogo, lakini hizo nazo huona kila kitu: kunguru, popo, hata mfuko wa plastiki uliobebwa na upepo. Anayezisoma lazima atenganishe kimoja na kingine.

Njia ya pili ni kusikiliza. Droni nyingi huzungumza na rimoti yake kwa mawimbi ya redio, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi ya nyumbani. Mtambo unaonasa mawimbi hayo unaweza kueleza droni ni ya aina gani na, mara nyingine, mtu aliyeishika rimoti amesimama wapi. Hili ndilo jambo la thamani zaidi katika kazi yote hii. Ukimpata mwenye rimoti, unamwambia aishushe, na droni inatua polepole pasipo kishindo. Ubaya ni kwamba droni iliyopangiwa safari yake mapema inaweza kuruka bila kuzungumza na mtu yeyote, na mtambo wa kusikiliza usisikie kitu.

Kamera za usiku na vinasa sauti husaidia, lakini kila kimoja kina udhaifu wake. Kamera hushindwa na ukungu na mvua. Vinasa sauti hushindwa na kelele za ndege zenyewe. Ndiyo maana viwanja vikubwa hutumia mitambo kadhaa kwa pamoja, na Gatwick yenyewe ilinunua mitambo ya aina hiyo baada ya tukio lile. Awali walitegemea zaidi macho ya watu, na macho ya mtu aliyekwisha kuambiwa kuna droni huiona droni katika kila taa inayometa gizani.

Kuiangusha, na kinachoanguka nayo

Sasa turudi kwenye swali la wakaazi. Kwa nini isipigwe risasi?

Risasi inayokosa haipotelei mbinguni. Inarudi chini kilomita moja au zaidi kutoka ilipofyatuliwa, na uwanja wa ndege umezungukwa na watu, matangi ya mafuta na ndege zilizoegeshwa. Hata ikilenga, droni yenyewe inakuwa jiwe la kilo moja lenye betri inayoweza kuwaka. Polisi wa Gatwick walilijadili jambo hili wakasita kwa sababu hizo hizo. Miaka saba baadaye, usiku wa Septemba 22, 2025, droni zilionekana juu ya uwanja wa Copenhagen, Denmark, na uwanja ukafungwa kwa karibu saa nne. Polisi wa huko walieleza kwamba waliamua kutozitungua kwa kuwa chini yake kulikuwa na abiria, mafuta na nyumba za watu. Nchi tajiri, yenye jeshi na mitambo, ilichagua kusubiri. Juma hilo hilo na lililofuata, viwanja vingine vya Ulaya, ukiwemo wa Munich, Ujerumani, vilifungwa kwa muda kwa sababu kama hiyo.

Njia nyingine ni kuvuruga mawimbi ili droni isisikie rimoti yake. Kwenye filamu hilo huonekana rahisi. Kwa kweli hakuna ajuaye hakika droni itafanya nini ikivurugwa. Nyingine hurudi zilikotoka, nyingine hutua hapo hapo zilipo, hata kama hapo ni katikati ya njia ya ndege. Zikipoteza na mawimbi ya setilaiti zinazotumia kujua zilipo, huchukuliwa na upepo, na mtu wa pwani anajua upepo wa kusi unavyoweza kukipeleka kitu chepesi. Juu ya hayo, ndege za abiria nazo hutegemea redio na setilaiti. Ukizima mawasiliano ya droni bila uangalifu, unaweza kumtia kiwi rubani aliye mawinguni. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa na waliopewa idhini tu, wakishirikiana na mnara wa kuongozea ndege. Mtu binafsi aliyeagiza kifaa cha kuvuruga mawimbi mtandaoni hamsaidii mtu yeyote, naye anajitafutia kesi.

Kuna nyavu pia. Zinaweza kufyatuliwa kutoka ardhini au kubebwa na droni nyingine, inayomnasa mkosaji na kumshusha kwa utaratibu. Hii ni njia salama kiasi, lakini wavu hufika karibu tu, na droni haikusubiri.

Polisi wa Uholanzi walijaribu njia iliyowavutia watu wengi: waliwafunza tai kuzidaka droni hewani. Mwaka 2016 video zake zilitazamwa kote duniani. Kufikia mwisho wa 2017 mpango huo ulikuwa umeachwa. Kuwatunza na kuwafunza tai kulikuwa na gharama kubwa, na tai, kama kiumbe yeyote mwenye akili zake, hakutii kila mara. Walioona mwewe akinyakua samaki mkononi mwa mchuuzi hawatashangaa.

Zipo pia programu zinazoingia katika mawasiliano ya droni na kuichukua, kisha kuishusha mahali palipochaguliwa. Hizo hufanya kazi kwa aina zinazofahamika, na kila toleo jipya likitoka sharti wajuzi waanze kujifunza upya.

Ukizipima njia zote hizi, inaonekana wazi kwamba hakuna hata moja ambayo ni salama na ya hakika kwa wakati mmoja. Gharama ndogo kabisa ni ya droni ambayo haikupaa. Hapo ndipo mkaazi, mpiga picha na mwenye hoteli wanapoingia.

Sheria ya Kenya inasemaje

Kwanza, mipaka ya kazi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, usafiri wa anga ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Vibali vya droni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Ofisi ya wadi, chifu au afisa wa kaunti hawezi kumpa mtu ruhusa ya kurusha, hata kama ni hafla ya kaunti yenyewe. Mpiga picha anayesema “nimeongea na ofisi” aulizwe ni ofisi gani.

Kanuni zinazotumika sasa ni za mwaka 2020. Zinataka kila droni isajiliwe na KCAA, na mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Bila idhini maalumu, droni haipaswi kupaa zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi, kutoka ardhini. Haipaswi kukaribia chini ya mita 50 watu, magari au majengo yasiyohusika na kazi hiyo. Na kilicho muhimu zaidi kwa somo hili: hairuhusiwi ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege wa daraja kubwa, au kilomita 7 kutoka uwanja mdogo, isipokuwa kwa idhini.

Kilomita 10 ni mbali kuliko watu wanavyofikiri. Ukichora duara la kipimo hicho kutoka uwanja wa Malindi, mji mzima umo ndani, pamoja na Silversands na Casuarina. Hata ukitumia kilomita 7, karibu hakuna ukumbi wa harusi mjini unaobaki nje. Wanaoishi karibu na viwanja vidogo vya Kilifi na Vipingo nao wanahusika, ingawa ndege za huko ni chache. Uwanja mtulivu unaweza kudanganya, kwa maana mtu huona anga ni tupu asubuhi nzima, akarusha droni dakika ile ile ndege ya kukodi inapotokea upande wa bahari.

Hili halimaanishi kwamba harusi za Malindi zisipigwe picha kutoka juu. Maana yake ni kwamba idhini iombwe mapema, ili wahusika wajue nani anarusha, wapi, saa ngapi na kwa urefu gani, na rubani aelezwe. Maombi huchukua muda, kwa hiyo juma la harusi si wakati wa kuanza. Familia inayomkodi mpiga picha ina haki ya kumuuliza hati zake za KCAA kabla ya kulipa arubuni, sawa na inavyomuuliza dereva wa basi leseni na bima. Anayekasirika kwa kuulizwa amejibu tayari.

Wenye hoteli na nyumba za kulala wageni wana kazi ya ziada. Watalii wengi hutoka nchi ambazo droni ndogo huuzwa madukani kama vinyago, na hawajui kwamba hapa sharti wawe na kibali kabla ya kuingia nayo. Karatasi moja ukutani mapokezi, kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani, inaweza kumwepusha mgeni na polisi, na kuwaepusha abiria na jambo baya zaidi. Asitegemee kwamba droni yenyewe itakataa kupaa. Zamani baadhi ya aina zilizuiwa na programu zao zisiruke karibu na viwanja, lakini kampuni kubwa ya DJI imekwisha kuliondoa zuio hilo katika nchi kadhaa na kuweka onyo tu kwenye skrini.

Ukiiona karibu na uwanja

Kwanza tazama vizuri. Taa inayometa mbali na kusogea polepole inaweza kuwa ndege inayokuja upande wako. Tiara za watoto ufuoni nazo zimewahi kuwadanganya wengi. Droni kwa kawaida husimama hewani, hugeuka ghafla, na ikiwa karibu utasikia mvumo wake mwembamba.

Ukiwa na hakika, piga 999 au 112, au uende kituo cha polisi kilicho karibu au kwenye lango la uwanja. Taja saa kamili, mahali uliposimama, ilikuwa upande gani, na urefu wake ukilinganisha na kitu kinachojulikana, kama mnazi au mnara wa simu. Eleza ilielekea wapi na ilishukia wapi. Ukiweza kuipiga picha, hakikisha paa, mti au nguzo inaonekana pia, kwa sababu nukta nyeusi kwenye anga tupu haimwambii mchunguzi chochote. Ripoti moja iliyotulia ya namna hiyo ina faida kuliko ripoti 170 za Gatwick.

Usiitupie mawe wala kuruhusu vijana waitungue kwa manati. Ikiangukia mtoto au paa la makuti ikiwa na betri inayowaka, hasara itakuwa ya jirani. Kadhalika, usimzingire mtu aliyeshika rimoti. Akinyang'anywa au akiogopa akaiacha, droni inabaki angani bila mwenyewe. Mwambie kwa upole kwamba yuko karibu na uwanja na aishushe, kisha waachie polisi mengine.

Jina la unayemshuku usilitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kumiliki droni si kosa, na wale wawili wa Crawley hawakuwa wamefanya lolote.

Ikiwa droni imekwisha kuanguka, usiiguse. Betri ya lithiamu iliyobonyea inaweza kukaa kimya kwa dakika kadhaa kisha ikawaka kwa ghafla, na kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ndiyo itakayoonyesha ilipaa kutoka uwanja wa nani. Wasogeze watoto mbali, zuia magari yasiikanyage, na uwasubiri polisi hapo uwaonyeshe ilipo.